Mtandao Umekata Tena: Kabla Hujahama Kampuni, Tazama Taa

Wiki iliyopita nilipokea simu nne hapa Mwanza, moja Igoma, moja Nyegezi, mbili Kirumba, na zote zilianza vilevile: "Fundi, hawa watu wamenichosha, nihamishie kampuni nyingine." Nikawauliza wote wanne swali moja: mtandao ulipokata, taa za ruta zilikuwa na rangi gani? Hakuna aliyejua. Mmoja alikasirika kabisa, akaniambia yeye analipia intaneti, halipii taa.

Basi naandika hapa nipumzike kujibu kwa simu.

"Ikikatika, kampuni ndiyo mbovu. Nikihama itatulia."

Hii ndiyo inayonimaliza. Intaneti inayofika sebuleni kwako inapita sehemu tatu. Kwanza ni nyumbani kwako mwenyewe: soketi, adapta, ruta, na ule waya mwembamba wa fiba unaotoka ukutani. Pili ni njia ya mtaani, kuanzia boksi la nguzoni hadi kwenye mitambo ya kampuni hapa mjini. Tatu ni safari ndefu, Mwanza hadi Dar es Salaam, halafu chini ya bahari. Ukihama kampuni, unachobadilisha kwa uhakika ni ile ya pili peke yake. Ya kwanza, hata ukiletewa ruta na waya mpya, soketi na umeme wako vinabaki vilevile vikimsubiri mgeni. Ya tatu, kampuni nyingi zinakodi njia zilezile, ukiwemo Mkongo wa Taifa unaoendeshwa na TTCL.

Kuna mama mmoja Kirumba anauza sato na sangara, friza mbili ziko uani na moja ndani. Intaneti yake ilikuwa inakata dakika tatu, inarudi, saa haijaisha inakata tena. Akahama. Kampuni mpya ikaja, ikatoboa ukuta, ikachomeka ruta mpya kwenye ekstensheni ileile, na kukatika kukaendelea kama kawaida. Aliponiita alikuwa ameshaanza kuulizia kampuni ya tatu. Sikugusa kitu. Nilikaa, nikanywa chai yake, nikasubiri. Friza ya ndani ilipounguruma kuwasha kompresa, taa ya dari ikafifia kidogo, ruta ikazima, ikajiwasha upya. Ruta nyingi huchukua dakika mbili tatu kuamka na kujisajili tena kwenye mitambo ya kampuni, na hizo ndizo dakika alizokuwa anazilalamikia miezi yote ile. Ekstensheni ilikuwa imelegea na imebebeshwa mzigo, adapta ya ruta ni dhaifu, na umeme wa jioni pale mtaani huwa mdogo. Nikahamishia ruta kwenye soketi ya peke yake, nikaweka adapta nyingine, kazi ikaisha.

"Ng'wanawane, mwanangu, kwa hiyo kufungiwa upya nililipa bure?"

Ndiyo, mama.

Sasa taa. Ruta ikiwa haina taa hata moja, tatizo ni umeme, adapta au ruta yenyewe, na njia ya kampuni haihusiki. Taa iliyoandikwa LOS ikiwa nyekundu, mwanga unaobeba intaneti ndani ya fiba haufiki kwenye kifaa chako: ama fiba imekatika mtaani, ama waya wako umekunjwa. Nenda nyuma ya sofa kwanza. Fiba ni kioo, ukiikunja kona kali mwanga unavuja, na nimeshakuta waya umebanwa na mguu wa kabati huku mwenye nyumba anamtukana kijana wa huduma kwa wateja. Ikiwa taa ya PON, inayoonyesha kifaa chako kimeunganika na mitambo ya kampuni, imetulia kijani, LOS imezima, na bado hakuna kinachofunguka, basi waya wako mzima na tatizo liko mbele zaidi: akaunti imeisha, mitambo ya kampuni, au ile safari ndefu. Kwenye vifaa vingi vya fiba vinavyofungwa majumbani taa ndivyo zilivyo.

Ushauri wangu, na wateja wangu wameshauchoka: nunua daftari la shule, lining'inize karibu na ruta. Kila ikikata andika tarehe, saa, taa zilivyokuwa, umeme ulikuwepo au la, na imerudi saa ngapi. Wiki mbili tatu zinatosha. Kurasa zikijaa LOS nyekundu na waya wako hauna kosa, hapo kweli njia ya mtaani ni mbovu. Hama, nitakuja kukufungia mwenyewe. Kurasa zikijaa "umeme umekatika", kanunue betri ndogo ya ruta.

Kuhusu ile safari ndefu, kumbukeni Jumapili ya Mei 12, 2024. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani kwa pamoja. Siku zile nilikuwa na wateja waliotaka kuhama haraka. Mmoja alihama kweli, akalipia ufungaji, akakuta jirani yake wa kampuni mpya analia kilio kilekile.

"Umeme ukikatika, intaneti lazima ikatike."

Si lazima. Kwenye mtandao wa kawaida wa fiba ya majumbani, njia kati ya mitambo ya kampuni na nyumba yako haihitaji umeme: vigawanyio vilivyomo kwenye yale maboksi ya nguzoni havina umeme kabisa. Kampuni ikiwa na betri au jenereta upande wake na wewe una betri upande wako, mtaa mzima unaweza kuwa gizani na mtoto akaendelea na somo lake. Kama unatumia antena ya juu ya bati, mnara nao unahitaji umeme, kwa hiyo swali ni betri za mnara zinadumu saa ngapi.

"Mvua inaharibu fiba."

Mvua haigusi mwanga ulio ndani ya kioo. Kinachotokea ni mambo yanayokuja na mvua: maji yanaingia kwenye kiungio kilichofungwa ovyo, mti unaangukia nguzo, mtaro unabomoka. Na radi. Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi sana duniani, na radi haipiti kwenye kioo, inapitia waya wa umeme hadi kwenye adapta. Wingu likitanda kutoka ziwani, chomoa. Nimezika ruta nyingi mno kwa uvivu wa kuchomoa.

"Nikichukua kifurushi kikubwa haitakatika."

Kifurushi ni upana wa bomba. Bomba likipasuka, upana haukusaidii kitu. Kikubwa kinasaidia pale nyumba yenye watu wengi inapokuwa nzito, ingawa uzito wa saa mbili usiku mara nyingi unatokana na majirani: mlango mmoja wa fiba kwenye mitambo ya kampuni, wenye kasi ya takribani gigabiti 2.5 kwa sekunde, unagawanywa kwa nyumba 32 au 64.

"Sebuleni safi, chumbani inakata. Kampuni gani hii?"

Hiyo ni waifai, kaka. Ukuta wa tofali za saruji unaipunguza nguvu, na nyumba zetu za Isamilo zimebebana na miamba, jiko liko ngazi sita juu ya sebule. Sogeza ruta katikati ya nyumba, itoe chini ya TV, au vuta waya uweke kifaa cha pili. Tuendelee.

"Kuhama ni kama kuhama laini ya simu."

Kuhama mtandao wa simu bila kubadili namba kulianza Machi 2017, na tangu hapo watu wanadhani fiba nayo ni hivyo. Fiba ni waya wa mtu. Kampuni mpya inavuta wake, inaleta kifaa chake, na huduma ya zamani lazima uisitishe wewe mwenyewe kwa maandishi, la sivyo deni linaweza kukufuata. Na usiikimbie kampuni ya zamani hujailalamikia: ipigie, chukua namba ya malalamiko, iandike kwenye daftari. Ikikupuuza, TCRA, wasimamizi wa mawasiliano nchini, wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza, na malalamiko yenye tarehe na namba yana uzito kuliko hasira.

Halafu kuna yule anayetaka mtandao usiokatika kabisa. Hata huduma inayopatikana asilimia 99 ya muda inalala saa 7 na dakika 12 kwa mwezi wa siku 30.

Ukishajiridhisha kwamba unahama, waulize majirani walio kwenye nguzo yako, si rafiki yako wa Buhongwa. Lipia mwezi mmoja mmoja mwanzoni. Kama uwezo upo, kaa na kampuni zote mbili wiki tatu. Na kijana wa mauzo akija na fulana yake, muulize mitambo yao ya mtaani kwako inakaa saa ngapi bila umeme wa Tanesco. Akianza kukueleza spidi, mwambie akampigie fundi wao mkiwa mmesimama hapohapo mlangoni.