Njoo Dukani na PDF Yako: Dhana Potofu Kuhusu Kishikwambi cha Kusomea

Mwaka juzi nilipanda basi alfajiri kutoka Tororo kwenda Kampala kununua kishikwambi cha kusomea. Jioni nikarudi nacho: inchi 7, kasha jekundu, GB 64 zimeandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Usiku huohuo nikafungua mtihani wa zamani wa Kiswahili, PDF ya karatasi ya A4 iliyopigwa skani, na herufi zikawa kama sisimizi waliomwagiwa maji. Nikivuta kwa vidole ili zikue, mwisho wa mstari unapotea upande wa kulia. Nikisogeza kulia, mwanzo nao umekwenda. Nilivumilia majuma mawili, kisha nikampa mpwa wangu achezee michezo.

Muuzaji hakunidanganya. Nilikwenda dukani na maneno niliyookota kwa marafiki, naye akaniuzia nilichoulizia. Siku hizi wenzangu wa chumba cha walimu wakitaka kununua hunijia kwanza, na maneno wanayokuja nayo ni yaleyale niliyokuwa nayo mimi.

“Kitabu ni maandishi tu, chochote kitatosha”

Hii ndiyo iliyoniponza, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Faili za vitabu ziko za namna mbili kubwa. EPUB ni maandishi yanayojipanga upya kulingana na kioo: ukikuza herufi, maneno yanashuka mstari wa chini na kurasa zinaongezeka. Kwa ndani ni kama kurasa za tovuti zilizofungwa pamoja kwenye kifurushi kimoja. Riwaya ya EPUB inasomeka hata kwenye simu ndogo, na wengi wanasoma hivyo wakiwa kwenye matatu bila taabu yoyote.

PDF ni ukurasa uliokwisha kupangwa, haubadiliki. Aliyeupanga alikuwa na karatasi akilini, mara nyingi A4, na kioo chako lazima kiubane uingie. Chukua rula tuhesabu. A4 ina upana wa milimita 210. Kioo cha inchi 7 chenye umbo la 16 kwa 10, kikishikwa wima, kina upana wa milimita 94 hivi. Ukurasa umebanwa hadi asilimia 45 ya ukubwa wake, na herufi za pointi 11 unaziona kama za pointi 5. Nenda kioo cha inchi 10.1 cha umbo lilelile: upana ni milimita 136, na herufi zinakuwa za pointi 7. Hapo mtu anasoma, hasa programu ikimruhusu kukata pambizo nyeupe za pembeni.

Kuna mtego mwingine. Inchi hupimwa kutoka pembe hadi pembe, hazisemi lolote kuhusu upana. Kishikwambi cha inchi 9.7 chenye umbo la 4 kwa 3 kina upana wa milimita 148. Ni kipana kuliko kile cha inchi 10.1 kilichorefushwa kwa ajili ya kutazama filamu! Kwa hiyo dukani mimi siulizi inchi peke yake, naangalia pia umbo. Kama kinafanana na daftari, ni cha kusomea. Kama kinafanana na ubao wa kukatia mboga, waachie wanaotazama mpira.

Pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha, nazo zina neno. Vioo vingi vya bei ya chini vya inchi 10.1 vina pikseli 1280 kwa 800, sawa na 149 hivi kwa kila inchi. Kioo cha ukubwa huohuo chenye 1920 kwa 1200 kina 224. Kwenye video hutaona tofauti kubwa. Kwenye tanbihi za chini ya ukurasa utaiona, kwa sababu herufi ndogo zinahitaji nukta nyingi ili “e” isigeuke “c”.

Nilipokwenda kununua mara ya pili, nilibeba faili tatu kwenye kadi ya kumbukumbu: ule mtihani wa skani, jarida moja la rangi lenye safu tatu, na riwaya ya EPUB. Kijana wa duka akaanza wimbo wake.

“Nnyabo, hii kamera yake megapikseli 13.”

“Sisomi kwa kamera, mwanangu. Nifungulie hii.”

Akaufungua mtihani. Nikamwambia aache ukurasa mzima uonekane, asiukuze, kisha nikanyoosha mkono na kujaribu kusoma tanbihi. Kishikwambi cha kwanza, sikuweza. Cha pili niliweza kwa kukunja uso. Cha tatu kilikuwa kimewekwa rafu ya juu, mtindo wa zamani kidogo, hakina sifa nyingi kwenye boksi. Nikasoma hadi nambari ya ukurasa. Kijana mwenyewe akakichukua akasoma, akacheka, akasema hajawahi kumwona mteja akija na mtihani.

“Msomaji wa kweli hununua Kindle”

Kwanza, watu wengi kwetu wanaita “Kindle” kila kisomeo cha wino wa kielektroniki, hata kikiwa cha kampuni nyingine. Amazon ilitoa Kindle ya kwanza Novemba 2007, lakini teknolojia ya kioo chenyewe ilitoka kwenye maabara ya chuo cha MIT huko Marekani, ambako kampuni ya E Ink ilizaliwa mwaka 1997. Ndani ya kioo mna vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi. Umeme unazisukuma juu au chini, zikishatulia zinabaki palepale bila kula chaji. Ndiyo maana picha haimetimeti, na ndiyo maana jua la saa saba mchana linapofanya kishikwambi cha kawaida kiwe kioo cha kujitazamia, ukurasa wa wino unazidi kuonekana vizuri. Kwa mtu anayesomea barazani au chini ya mwembe, ni raha tupu.

Kwa riwaya, nunua bila kufikiri mara mbili. Shida inaanza ukitaka majarida. Vingi vya visomeo hivi vina inchi 6 au 7, na hesabu ya A4 tumeshaifanya. Rangi zipo kwenye matoleo mapya, lakini kwenye kioo cha aina ya Kaleido maandishi meusi yenye nukta 300 kwa inchi yanashuka hadi 150 yanapokuwa ya rangi, na picha zinapauka kama kitambaa kilichofuliwa sana. Tena mwaka 2023 Amazon ilifunga huduma ya kuuza usajili wa magazeti na majarida kwenye Kindle. Anayetaka kusoma toleo la kielektroniki la magazeti yetu ya Uganda, New Vision au Daily Monitor, kama lilivyopangwa, safu kwa safu, atafurahi zaidi na kishikwambi cha kawaida chenye kioo kipana.

Ule uvumi wa “chaji ya wiki sita” nao usomwe na maandishi yake madogo. Amazon hupima kwa nusu saa ya kusoma kwa siku. Wiki sita hapo ni saa 21. Bado ni nyingi kuliko vishikwambi vingi vya kawaida, lakini mtu anayesoma saa tatu kila usiku asitarajie kuisahau chaja kwa mwezi mzima.

Jambo moja linalowakwaza wageni wa Kindle: ukinakili EPUB kwa waya, haitaisoma. Tangu 2022 unaweza kuituma kupitia huduma yao ya intaneti nayo ikageuzwa, lakini njia hiyo inataka mtandao. Visomeo vya Kobo vinafungua EPUB moja kwa moja.

“Kioo kitakuua macho”

Mama yangu anaamini hivi, na sibishani naye mezani. Lakini chama cha madaktari wa macho cha Marekani kinasema hakuna ushahidi kwamba mwanga wa vioo vya kidijitali unaharibu macho. Macho yanayowasha na kuchoka ni ya kweli, ila chanzo chake ni kwamba tukikodolea kioo tunapepesa mara chache, macho yanakauka. Dawa haiuzwi: kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Ile miwani ya “kuzuia mwanga wa bluu” inayotembezwa barabarani Kampala, uchambuzi wa mwaka 2023 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima tafiti za afya, uliona kwamba yaelekea haipunguzi uchovu wa macho kwa muda mfupi. Hiyo hela nunua kasha la kukinga kioo.

Usingizi ni habari nyingine. Utafiti uliochapishwa Desemba 2014 uliwachukua watu 12: waliosoma kwenye iPad kabla ya kulala walichelewa kusinzia kuliko waliposoma karatasi, na melatonini, homoni ya usingizi, ilipungua. Watu 12 ni wachache, na mwanga wa kile kifaa ulikuwa umewekwa juu kabisa. Mimi hupunguza mwanga hadi ukurasa ufanane na karatasi iliyo kwenye kivuli, basi.

“Tafuta GB nyingi kadiri ya mfuko”

Riwaya ya maandishi matupu mara nyingi haifiki MB 1. Elfu moja za namna hiyo zinaingia kwenye GB 1, na hutazimaliza maisha yako yote. Majarida ndiyo mazito: toleo moja la rangi likiwa na MB 50, ni 20 tu kwa GB. Mfumo wa Android wenyewe nao hula nafasi, mara nyingi zaidi ya GB 10. Kwa msomaji wa majarida, GB 64 zenye mahali pa kuchomeka kadi zinatosha na kubaki. Ni afadhali pesa inayozidi iende kwenye kioo, na kwenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, kwa sababu PDF nzito kwenye GB 2 hufunguka kwa kusuasua, ukurasa baada ya ukurasa.

Jihadhari na kishikwambi cha bei ya kutupa kinachojigamba GB 512. Vipo vinavyotengenezwa ili mipangilio ionyeshe namba za uongo. Fungua Play Store, ingia mipangilio, sehemu ya kuhusu, uone kama kifaa kimethibitishwa na Play Protect, ukaguzi wa Google. Kisha nakili video ndefu nyingi hadi nafasi ikaribie kujaa, uone kama ya mwisho inacheza. Muuzaji akikukataza kufanya hayo mawili, ameshakujibu.

“Bila bando hakuna kusoma”

Hii naielewa ilikotoka. Julai 2018 tulianza kulipa shilingi 200 kwa siku za kodi ya mitandao ya kijamii, na Julai 2021 ikaondolewa na mahali pake ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye bando la intaneti. Kila MB tunaiona kama sukari ya kupimwa kwa kijiko. Lakini kitabu kikishapakuliwa, kimeingia ndani. Mimi hupakua majarida ya mwezi mzima kwenye waifai ya shule, narudi nyumbani naweka hali ya ndege, na betri yenyewe inashukuru. Kwa sababu hiyohiyo sioni haja ya kulipia zaidi kishikwambi chenye laini. Simu ikirusha mtandao kwa dakika kumi, kazi imekwisha.

Ila kupakua si kumiliki. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki na vitabu ambavyo watu walikuwa wamevinunua vikaacha kufunguka. Pesa zilirudishwa, vitabu havikurudi. Unapopata kitabu kwa EPUB isiyo na kufuli, weka nakala kwenye flashi.

“Kwa Kiswahili kuna nini cha kusoma humo?”

Swali hili niliulizwa na mwalimu wa Jiografia, tena mwaka uleule Baraza la Mawaziri lilipopitisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari, Julai 2022. Hazina ya watu wazima bado ni nyembamba, sitamdanganya mtu. Ukiingia Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, utakuta vitabu zaidi ya 70,000 vya bure, na Kiswahili humo ni cha kutafuta kwa tochi. Kwa watoto hali ni tofauti. Mradi wa African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini, unatoa hadithi za picha bila malipo kwa Kiswahili, Luganda na lugha nyingine nyingi za huku kwetu, na unazipakua ukasome bila mtandao. Kila ukurasa una picha kubwa na sentensi mbili tatu.

Nilimwekea mpwa wangu chache likizo iliyopita, kwenye kile kishikwambi chekundu cha inchi 7 nilichomwachia. Anazisoma kwa sauti jikoni, kidole kikifuata neno, na hajawahi hata siku moja kulalamika kuhusu ukubwa wa herufi.