Udaktari China: miaka 5 haitoshi

Wengi hudhani mwanafunzi wa udaktari nchini China akimaliza miaka 5 ya shahada, ameshakuwa daktari kamili. Sivyo. Njia kuu ni “5+3”: shahada, kisha miaka 3 ya mafunzo kazini hospitalini. Leseni nayo hudai mwaka 1 wa kazi chini ya usimamizi, mtihani wa vitendo, halafu wa maandishi: alama 360 kati ya 600.

Panapoumiza hasa ni mwaka wa 5. Mazoezi ya wodini hugongana na maandalizi ya mtihani wa Desemba wa kujiunga na uzamili, na usingizi ndio unaopotea. Kumwambia mwanafunzi “jikaze” hakumsaidii. Anahitaji ratiba ya zamu mapema, na mshauri wa kumweleza kwamba uzamili wa kitabibu, tofauti na wa utafiti, hujumuisha ile miaka 3.