Mawimbi ya sauti yanayochambua damu

Akina mama wanaohudhuria kliniki katika hospitali ya Bombo, Tanga, wanaijua ultrasaundi kama kipimo cha kumwona mtoto tumboni. Mawimbi ya aina hiyo, mitetemo yake ikiongezwa, yanaweza pia kuchambua damu.

Seli za mwili hutoa vifuko vidogo mno vilivyobeba protini na vipande vya taarifa za jeni. Vile viitwavyo eksosomu vina kipenyo cha nanomita 30 hadi 150 tu (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), wakati chembe nyekundu ya damu hufika karibu 8,000. Seli za saratani hutoa vyake, kondo la nyuma vyake, hata chembe nyekundu zilizoingiwa na malaria. Mwaka 2013 tafiti mbili zilionesha kwamba vimelea vya malaria aina ya Plasmodium falciparum hupashana habari kwa njia hiyo, na habari hizo huchochea baadhi yao kuingia hatua ya kumwambukiza mbu. Sisi wa mkoa wa Tanga, wenye wilaya za malaria kama Muheza na Korogwe, tuna kila sababu ya kulifuatilia jambo hili.

Tabu ni kuvipata. Njia iliyozoeleka ni kuzungusha sampuli kwa saa kadhaa, kwa nguvu inayofikia mara 100,000 ya uvutano wa dunia. Mashine yake ni kubwa na ghali, na vifuko huweza kugandamana au kuharibika.

Mwaka 2017 watafiti wa vyuo vya Duke na MIT, Marekani, pamoja na wenzao, walichapisha njia ya sauti. Damu hupitishwa kwenye chipu, yaani kifaa kidogo chenye mfereji mwembamba uliowekwa juu ya fuwele ya lithiamu niobati. Umeme huutikisa uso wa fuwele, na mawimbi huingia kwenye mkondo wa damu. Msukumo wake hufuata ujazo wa chembe: kipenyo kikipungua mara 10, msukumo hupungua mara 1,000. Kwa hiyo vinavyosukumwa pembeni ni vile vikubwa, eksosomu zikabaki zikienda na maji. Mitetemo ya takriban milioni 20 kwa sekunde huondoa chembe nyekundu, nyeupe na chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda). Kisha ya karibu milioni 40 huengua vifuko vikubwa. Bado ukubwa peke yake hautoshi, maana baadhi ya chembe za mafuta ya damu zina kipenyo kilekile.

Kinachonivutia zaidi ni udogo wa chipu yenyewe. Damu ikishatolewa, chembe sahani huendelea kumwaga vifuko vipya, hasa ikitikiswa au ikicheleweshwa. Sampuli inayoteremka kutoka Lushoto hadi Tanga mjini hufika na vifuko ambavyo mgonjwa hakuwa navyo. Kifaa cha kukaa zahanati kingeondoa kasoro hiyo, na ndiyo maana naona utafiti huu unatuhusu kuliko hospitali kubwa za ng'ambo.

Kwa sasa chipu hizi ni za utafiti. Atakayekuuzia kipimo cha vifuko ili akugundulie saratani, muulize kwanza kimesajiliwa wapi. Na ukiwa na homa, wahi kituo cha afya upimwe malaria kwa kipimo cha haraka au hadubini.