Kwa nini pevingi hazitiwi saruji na bado hazing'oki?

Pevingi, au kabro kama wasemavyo Kenya, hulala juu ya mchanga mtupu wa sentimita tatu hivi, na chini ya mchanga ni kifusi kilichoshindiliwa. Saruji haimo. Vitofali hivi vya zege vilishika kasi Uholanzi baada ya Vita Kuu ya Pili, matofali ya udongo yalipoadimika.

Mimi niliona ni ubahili wa fundi. Njia ya kutoka getini hadi mlangoni nikashikilia mianya ijazwe saruji, naye akajaza. Masika yalipokwisha, mianya ilikuwa imepasuka. Saruji ikikauka haipindi, ilhali kila kilichoizunguka kinacheza: jua hutanua vitofali, usiku husinyaa, ardhi hunywa maji ikavimba, kiangazi hunywea. Maji yakapenya nyufani, yakahamisha mchanga wa chini, vitofali vikaanza kubonyea. Mchanga mpya nao haukuweza kushuka, maana vipande vya saruji vilikuwa vimeziba njia.

Kinachovishika ni kubanana. Fikiria daladala iliyojaa: dereva akikanyaga breki, aliyesimama katikati haanguki, kwa kuwa uzito wake unapokelewa na bega la jirani, kisha la jirani wa jirani. Kwenye pevingi, mabega hayo ni punje za mchanga. Mwanya wa milimita 2 hadi 5 hujazwa mchanga mkavu, laini, wenye punje za makali, kisha kompakta, mashine ya kushindilia, hupitishwa juu mpaka punje zikazane. Kitofali kikikanyagwa, punje hukikwaruza ubavuni na kukikabidhi kitofali jirani sehemu ya mzigo. Mchanga mbichi haufai: huziba mdomo wa mwanya na kuacha uwazi chini.

Mlango wa daladala ukiwa wazi, wa pembeni humwagika. Ndiyo maana kingo zote hufungwa kwa mawe yaliyoshikwa na zege. Hapo saruji ina kazi yake.

Palipo na jamvi la zege chini, vitofali vinaweza kugandishwa kwa saruji, ila huo ni ujenzi mwingine. Wala mchanga hauokoi kifusi kisichoshindiliwa, hasa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi. Kwa miguu kitofali cha unene wa milimita 60 kinatosha. Gari likipita, chukua 80.

Njia yangu niliifumua nikaitandika upya kwa vitofali vilevile, vikishabanduliwa saruji. Mvua za kwanza zilipopita nikafagilia tena mchanga mkavu mianyani, maana ule wa mwanzo ulikuwa umeshuka.