Je, wajua kwa nini majabali ya Dodoma hayana mafuta?

Majabali ya Dodoma mjini yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Wengi hudhani ardhi kongwe hivyo haikosi mafuta. Kumbe sivyo. Jabali la itale lilikuwa ujiuji wa moto ulioganda chini ya ardhi, ilhali mafuta asili yake ni tope.

Wagogo husimulia kuwa tembo alikwenda kunywa maji akadidimia topeni, watu wakasema "idodomya", yaani amezama, na mji ukapata jina. Na mafuta hudhaniwa vivyo hivyo, kwamba ni mabaki ya madubwana yaliyozama. La. Ni vijimea na vijidudu vya baharini, vingi havionekani kwa macho. Vilikufa vikatua sakafuni, mahali penye oksijeni kidogo, visioze vyote. Tope likavifukia, tabaka juu ya tabaka, kilomita kadhaa kwenda chini. Huko, kwenye joto la nyuzi 60 hadi 120 hivi, vikapikika taratibu kwa mamilioni ya miaka hadi vikawa mafuta. Joto likizidi, hupatikana gesi.

Mfano unaonistaajabisha kuliko yote ni eneo la mafuta la Ghawar, Saudi Arabia, lililogunduliwa mwaka 1948. Miaka milioni 150 hivi iliyopita, hapo palikuwa na bahari ya Tethys, yenye maji ya vuguvugu na kina kifupi. Tope lake lilizaa mafuta. Mawe yake ya chokaa, yenye vitundu kama sifongo, yakayahifadhi. Kisha maji yalipokauka yakaacha tabaka la chumvichumvi lisilopitisha kitu, likawa kifuniko. Bahari moja ilifinyanga chungu, ikapika na kufunika!

Kwetu, mashapo ya namna hiyo yako pwani. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974.

Lakini ziwa nalo huweza kufanya kazi ya bahari. Mafuta ya Uganda, yaliyogunduliwa mwaka 2006 kando ya Ziwa Albert, yametokana na mwani wa ziwani ndani ya Bonde la Ufa. Ndiyo maana TPDC, shirika letu la petroli, wanatafiti bonde la Eyasi Wembere, jirani zetu upande wa Singida. Na bomba la mafuta hayo ya Uganda, kutoka Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, linakatiza mkoa wa Dodoma. Mafuta yake yana nta nyingi, kwa hiyo lazima yapashwe moto njia nzima, nyuzi 50 hivi, yasije yakaganda.