Vipande vyembamba vya stenlesi: angalia unene kabla ya kufungua jedwali la kugeuza ugumu

Malalamiko yanayotufikia maabara siku hizi yanafanana. Mnunuzi ameagiza springi bapa za stenlesi zenye unene wa milimita 0.5, mchoro unataka HRC 50 (ugumu kwa skeli C ya Rockwell), karakana imeandika 50, sisi tumepata namba nyingine. Kila upande unadai mashine ya mwenzake ni mbovu. Mara nyingi mashine zote mbili ni nzima.

HRC hubonyeza kwa mzigo wa kilo 150. Kwenye chuma cha HRC 50, ncha ya almasi huacha shimo la kina cha milimita 0.1, na unene unaotakiwa ni angalau mara kumi ya kina hicho: milimita 1. Kwa HRC 40 ni milimita 1.2. Chini ya hapo unapima kipande pamoja na meza kilipokalia, na hakuna jedwali litakalovitenganisha. Wala msirundike vipande vitatu ili kupata unene. Tumelisema hili mara nyingi mno. Mianya iliyo katikati hubonyea nayo, kipimo kinaharibika.

Kwa milimita 0.5 tumieni HR15N au HR30N (Rockwell ya mzigo mdogo, kilo 15 au 30) au Vickers (HV), inayopima ulalo wa alama badala ya kina. Kwa ugumu huohuo wa HRC 50, HV10 (Vickers kwa mzigo wa kilo 10) huacha alama yenye ulalo wa milimita 0.19, na unene unaohitajika ni mara moja na nusu ya ulalo huo, karibu milimita 0.29. Lakini mzigo mdogo husoma ngozi ya chuma tu. Kama uso umepoteza kaboni tanuruni, au umelainika kwa joto la kusaga, utapata namba ya ngozi hiyo.

Utaratibu ni huu. Ukibadilisha ncha au meza ya Rockwell, vipimo viwili vya mwanzo havihesabiwi. Kutoka kitovu cha alama moja hadi kitovu cha nyingine pawe na angalau mara tatu ya upana wa alama, na kutoka ukingoni mara mbili na nusu. Kisha geuza kipande: alama ikionekana upande wa pili, kipimo hicho kinafutwa.

Hapo ndipo zinapoingia ASTM E140 na ISO 18265, viwango vyenye majedwali ya kugeuza ugumu kutoka skeli moja hadi nyingine. HRC 50 hulingana na HV 513, HR15N 85.5 na HR30N 68.5. Ni makadirio, kwa hiyo msituletee HRC 50.3 iliyotoka kwenye jedwali. Namba hizo ni za chuma kinachokazwa kwa moto, ikiwemo stenlesi ya daraja la 420. Daraja la 304 halikazwi kwa moto, na lina majedwali yake.

Ripoti ionyeshe kipimo halisi na skeli yake kando ya namba iliyogeuzwa. Ripoti yetu ikikatwa ibaki HRC peke yake, hatutaitetea mbele ya mnunuzi. ISO/IEC 17025, kiwango cha maabara za vipimo, ina dokezo kwamba maabara inaweza kuandika kwenye ripoti isinakiliwe nusu nusu bila idhini yake. Njia nyepesi zaidi ni mchoro wenyewe kuandika HV10 au HR30N tangu siku ya oda, na kugeuza kusihitajike kabisa.

Mnaoleta sampuli, andikeni daraja la chuma, unene, joto la kukaza na la kurudisha (kupasha tena baada ya kukaza), na skeli iliyo kwenye mchoro. Bila hayo, sampuli zitasubiri mapokezi.