Je, wajua kwa nini psikologe anakuuliza maswali mengi siku ya kwanza, na wewe umuulize nini?

Hapa Bukavu watu wengi wakitoka kwa psikologe mara ya kwanza wanarudi na mshangao, wanasema: nimelipa makuta yangu, nimekaa karibu saa nzima, na hajaniambia hata kitu kimoja cha kufanya, ameuliza tu: unalala namna gani, unakula, nani yuko nyumbani, ulishapoteza nani, ulishawahi kuwaza kujiua. Wengine wanaachaga hapo hapo, wanasema huyu hajui kazi. Inaniuma kila mara nikisikia hivyo, juu mara nyingi huyo mwenye kuuliza ndiye alikuwa anafanya kazi vizuri.

Iko hivi. Mtu anakuja anasema "nimechoka, sina hamu ya kitu", na nyuma ya hayo maneno kunaweza kuwa msiba, kunaweza kuwa vita, bwana mwenye kupiga, pombe, ao hata damu kupunguka mwilini, ao kile kiungo cha shingoni tunaita tezi kikifanya kazi polepole. Psikologe asipouliza atakupa shauri ya ugonjwa ya mtu mwingine. Njo maana mwenye kujua kazi anaweza kukutuma kwanza hospitali ukapimwe damu, na usione ni kukufukuza.

Kuna sababu ingine. Mwaka 1979 mtaalamu mmoja wa Marekani, Edward Bordin, aliandika kwamba matibabu ya maongezi yanasimama juu ya mambo matatu: nyinyi wawili mukubaliane munatafuta nini, mukubaliane mutapita njia gani, na muaminiane. Tangu hapo wachunguzi wamepima hiyo kitu mara nyingi, kwa njia mbalimbali za matibabu, na inaonekana paka ile ile: pale makubaliano iko nguvu, wagonjwa wanapata nafuu zaidi. Sasa mutakubaliana namna gani kama ni yeye tu mwenye kuuliza? Mi naona hapo njo tunapotezaga. Tunaingia kwa kabine ya mutu wa prive kama tunaingia kwa mkubwa wa serikali, kichwa chini, ndiyo dokta, ndiyo dokta, kumbe siku ya kwanza ni yako pia ya kumchunguza.

Anza na kumuuliza alisomea wapi na alisomea nini. Huku kwetu kila mtu mwenye kusikiliza watu anaitwa psi, lakini hawalingani. Psikiatre ni dokta wa dawa mwenye kuongeza masomo ya magonjwa ya akili, huyo anaweza kukuandikia dawa. Psikologe wa kliniki alisoma saikolojia kwa universite, yeye haandikagi dawa, na akikuuzia dawa kwa sakosi yake uliza maswali. Halafu kuna wale APS, wasaidizi wa kisaikolojia, tunawajua kwa ma-ONG na kwa vituo vya afya, na pale hospitali ya Panzi wamama wenye kushika mkono wagonjwa wanaitwa hata "mama sheri". Usiwazarau hata kidogo. Utafiti moja ulifanyika huku huku mashariki ya Kongo na ukatoka 2013 katika gazeti kubwa la madaktari la Marekani: wanawake 405 waliopitia ubakaji ao kuushuhudia, wengine walifuata matibabu ya kikundi, wengine walisaidiwa mmoja mmoja kwa njia ya kawaida. Waliowaongoza kwenye vikundi walikuwa APS, si madokta, lakini walifundishwa ile njia na walikuwa na watu wa juu yao wenye kufuata kazi yao. Miezi 6 baadaye, kwenye vikundi ni 9 tu kwa 100 waliobaki na dalili za huzuni kali ao wasiwasi mkali, kwa wale wengine ni 42 kwa 100. Kwa hiyo swali la pili baada ya diploma ni hili: nani anafuata kazi yako? Ukikwama na kesi yangu unauliza nani? Mtu wa prive mwenye kufanya kazi peke yake kabisa, bila mkubwa wa kumsahihisha, mi ningefikiri mara mbili, hata akiwa na diploma zimejaa kwenye ukuta.

Sasa tuingie kwa siri, juu hapa Bukavu hii njo roho ya mambo yote. Mji wetu ni wa kubanana. Unatoka Kadutu unaenda Nguba ukizani hakuna anayekujua, unafika kwenye mlango unakuta anayeandika majina ni mtoto wa jirani. Psikologe anaweza kuwa wa kanisa yako, ao shemeji ya mkubwa wako wa kazi. Mtaalamu wa kweli hatibu ndugu yake wala rafiki wala mtu wanaimba naye korali moja, atakuambia mwenyewe pole mama, mimi si mtu wa kukusaidia, nenda kwa fulani. Muulize wazi: nani mwingine anasoma karatasi zangu? Zinafungiwa wapi? Tukikutana sokoni utanisalimia namna gani? Hilo la mwisho watu wanaonaga kama mchezo lakini si mchezo, wengi wenye kazi nzuri wanakubaliana na mgonjwa kwamba wewe njo utaanza kusalimia, usiposalimia na mi ninapita.

Angalia pia nyumba yenyewe. Ukuta wa mbao unapitisha sauti, na kama wewe unasikia watu wanacheka upande wa pili, na wao watakusikia ukilia. Uko na haki ya kuomba chumba ingine ao saa ingine.

Sheria iko upande wako. Kifungu cha 73 cha sheria ya makosa ya jinai ya Kongo kinaazibu mtu mwenye kupewa siri juu ya kazi yake na akaitoa, kifungo kinaanzia mwezi 1 mpaka 6. Lakini siri iko na mipaka: sheria yenyewe inaacha nafasi ya kutoa ushuhuda mbele ya tribinali, na pale maisha yako ao ya mtu mwingine iko hatarini, ao mtoto anateswa, psikologe anaweza kulazimika kutafuta msaada nje. Mwenye heshima anakuelezea hiyo mipaka mapema, mbele hujafungua moyo. Asipoelezea, uliza wewe.

Makuta nayo muongee siku ile ile. Seansi moja ni ngapi, inachukua dakika ngapi (mara nyingi ni kati ya 45 na 60), nikikosa randevu ninalipa? Ukilipa kwa simu kumbuka kwamba ujumbe unabaki na jina la mwenye kupokea, na nyumba zingine simu inashikwa na watu watatu. Kama bibi anajificha bwana yake juu ya usalama wake, hiyo esemesi peke yake inaweza kumuletea shida, heri alipe mkononi. Na kabla ya kulipa uliza pia kama kuna ONG ao hospitali inafanya kazi ile ile bure, si aibu.

Juu ya muda, wale wamama wa utafiti walifuata seansi 12. Si sheria kwa wote, kuna wenye kuhitaji kidogo, kuna wenye kuhitaji mwaka, lakini mtaalamu anapaswa kukuambia mutapima wapi kama munasonga mbele. Na ujue kwamba juma za kwanza unaweza kujisikia vibaya kuliko mbele, ndoto zinarudi, machozi yanakuja bila sababu. Usiweke randevu saa ambayo baadaye unakimbia kuuza ao kufundisha, jipe nafasi ya kupumua. Tena hakuna anayekulazimisha kuelezea yote siku ya kwanza. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilishasema kwamba kumkalisha mtu mwenye kutoka kwenye balaa na kumfanya asimulie kila kitu mara moja si njia ya kumkinga na majeraha ya roho. Wahenga walisema mficha uchi hazai, sawa, lakini hata mwenye kuzaa anafika hospitali kwa saa yake.

Kuna mambo ambayo ukiyaona simama uondoke: anakuahidia utapona kwa siku moja, anakuambia usiwaambie watu kwamba unakuja kwake, anakukopa makuta, anakugusa, anakutongoza. Hakuna matibabu yenye kupitia kitandani, hata aseme namna gani.

Kama hakuna kitu kibaya ila tu hamuelewani, mwambie usoni. Ninajua kwetu ni vigumu kumwambia hivyo mtu mzima, lakini yeye amezoea, na anaweza kubadilisha njia ao kukutuma kwa mwenzake pamoja na karatasi zako.

Na kama mawazo ya kujiua yanakushika leo, ao mtu wa nyumba anasikia sauti, halali siku nyingi, haelewi tena yuko wapi, usingoje randevu ya prive. Mtu akae naye, muondoe dawa na visu karibu, mumpeleke hospitali yenye iko karibu, ao kwa centre ya magonjwa ya akili: Bukavu ni SOSAME, Goma ni Tulizo Letu.